Kifungu Nilichokiandika kwa Mkono Wangu

Nsanda, Mpanda. Jumanne, Novemba 1996.

Mvua ilianza jana alasiri na haijakatika. Ni mvua ya kupandia, ambayo tuliingoja tangu Oktoba, lakini hakuna aliyekwenda shambani leo katika nyumba hii.

Naomba radhi kwa kimya changu. Tangu mavuno sijaandika hata mstari mmoja katika daftari hili, nami nimeandika karibu kila jioni tangu nilipostaafu ualimu. Sikuugua, wala sikukosa wino. Nilijua kwamba nikilifungua, itanibidi niandike nilichokifanya, na nisingeweza kukiandika nusu.

Nimesababisha mkwe wangu afukuzwe kijijini. Bado hajafukuzwa. Lakini kifungu kitakachomfukuza nilikitunga mimi.

Jina lake ni Spesioza. Ni mjane wa mwanangu Anselmi, aliyefariki mwaka juzi kwa homa iliyomchukua kwa siku nne. Alizaliwa katika makazi ya wakimbizi, upande ule mwingine wa msitu, kwa wazazi waliotoka Burundi wakiwa na mtoto mgongoni na chungu kichwani. Ana mabinti wawili, Yusta na Agripina. Yusta anasoma darasa la kwanza. Agripina bado anaamini kwamba baba yake amekwenda Tabora kwa treni.

Sasa nieleze jambo la ndoa, kwa maana yote yanatoka humo.

Kwa watu wa Spesioza, mahari peke yake haimalizi neno. Baba wa kijana huenda mwenyewe hadi kwa baba wa binti. Huwekwa chungu cha pombe ya mtama katikati, huchovywa mirija, na wazee hao wawili hunywa kutoka chungu kimoja mbele ya ndugu. Wakishainuka, binti ni wa watu. Kabla ya hapo ni mgeni anayelala kwako.

Siku ilipofika, sikwenda. Spesioza alikuwa ametoka makazini bila kibali, na mimi nilisema kwamba siwezi kuketi kwenye sherehe ya mtu ambaye karatasi zake hazijanyooka. Nilimtuma shemeji yangu na mbuzi. Nilimwambia Anselmi asubiri. Kibali kikipatikana tutakwenda kanisani, tutafunga ndoa kwa utaratibu, na mimi nitakaa mbele kabisa. Walikaa hapa kwangu wakisubiri. Alikuwa mtoto wa kutii, na nilidhani kutii kwake ndiko kukubali.

Kibali kilichelewa. Homa haikuchelewa.

Hayo yalikuwa ya nyumbani kwangu, na yangebaki nyumbani kama si miswada.

Mwaka huu magari mawili yalitekwa kwenye barabara ya Sitalike. Kaka yake Mwenyekiti wetu wa kijiji alikuwa katika gari la pili; walimvunja mkono kwa kitako cha bunduki na hadi leo hawezi kushika jembe. Siwezi kuandika kana kwamba hofu ya watu ni ya bure. Mimi pia nilianza kufunga mlango kabla ya magharibi. Lakini watu walipotafuta wa kumlaumu hawakutafuta mbali. Walisema ni watu wa makazini. Kati ya waliokamatwa, mmoja alikuwa kijana wa hapa hapa Nsanda, aliyebatizwa hapa. Jina lake tulilinong'ona kwa siku mbili, kisha tukalisahau kwa pamoja, kama watu waliokubaliana.

Ndipo halmashauri ya kijiji ikaandaa miswada mitatu ya sheria ndogo, ili mkutano mkuu uipitishe na ipelekwe wilayani.

Wa kwanza unasema kwamba mtu yeyote mwenye asili ya makazini asilale Nsanda bila kibali, hata usiku mmoja. Wa pili unasema kwamba atakayempangisha, kumpa kibarua au kumlisha zaidi ya siku moja atanyang'anywa shamba lake. Wa tatu, ulipoletwa mara ya kwanza, ulisema kwamba wanawake wote waliotoka makazini warudishwe, na watoto wao wafuate.

Nimefundisha uraia kwa miaka mingi na ninajua sheria ni kitu gani. Sheria huadhibu tendo. Miswada hii inaadhibu asili, na asili hakuna mtu anayeweza kuiacha. Jambazi haombi kibali. Atakayekamatwa kwa kukosa kibali ni yule anayekuja mchana kuuza mihogo, kwa sababu yeye ndiye anayeonekana. Na huo wa pili sijui niueleze vipi. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Muswada huu unamnyang'anya mwenyeji jembe lake siku ya pili.

Hayo yote niliyajua. Sikuyasema.

Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya wazee. Tuliitwa tuipitie miswada kabla ya mkutano. Nilipoona muswada wa tatu nilimfikiria Spesioza, na badala ya kusema kwamba muswada wote ni mbaya, nilitafuta mlango wa kumpitisha yeye peke yake. Nilipendekeza maneno haya, na nikayaandika mwenyewe: isipokuwa wale walioolewa kwa cheti cha dini au cha serikali, au kwa mila, endapo wazazi wa pande zote mbili waliketi pamoja na wanaweza kuthibitisha hivyo.

Wenzangu walikipenda kifungu. Walisema sasa muswada una busara. Mmoja wao, aliyekuwa na mashaka tangu mwanzo, alisema kwamba kama Mwalimu ameutia mkono, basi yeye hana neno. Nilirudi nyumbani nikala ugali kwa hamu, nikijiona mtu mwema.

Naapa sikukumbuka chungu. Nilikumbuka mbuzi. Katika kichwa changu mbuzi walikuwa wamekwenda, kwa hiyo na mimi nilikuwa nimekwenda.

Wiki tatu zilizopita miswada ilisomwa hadharani, kwenye uwanja wa shule, ili watu watoe maoni kabla ya kupiga kura. Mama Zaituni ndiye aliyeanza. Yeye huleta dagaa na samaki wa migebuka kutoka Kapalamsenga, kando ya ziwa, na hana anayemwogopa.

"Mwenyekiti," alisema, "dagaa ninaowaleta wametoka ziwani. Nusu ya ziwa ni kwao hao mnaowafukuza. Niwaombee kibali na dagaa?"

Watu walicheka.

"Kaa chini, Mama Zaituni. Hatujafika kwenye mboga."

"Mtafika. Jioni nyie wote mnanijia na mabakuli."

Nilicheka na wengine. Kisha nikasimama kueleza kifungu changu, jinsi kilivyolegeza ukali wa muswada. Nilieleza vizuri. Nilipomaliza, Mwenyekiti aliniuliza, na ninaamini hakuniuliza kwa ubaya:

"Basi tuanze na mfano wa karibu, ili watu waelewe. Mwalimu, kwa yule mkweo, wewe uliketi na baba yake?"

Nilisema nilituma mtu.

Mzee Pius ni mtani wangu tangu ujana, na mtani hakasirikiwi. Aliongea kutoka nyuma, bila kusimama: "Mtu anatumwa chumvi, Mwalimu. Hatumwi kunywa pombe ya mkwe."

Uwanja mzima ulicheka, na mimi ikanibidi nicheke, kwa sababu utani ndivyo ulivyo. Nilipogeuza macho nilimwona Spesioza upande wa wanawake, amempakata Agripina. Hakuwa anacheka wala hakuwa analia. Alikuwa akinitazama jinsi mtu anavyotazama mlango, akisubiri kuona kama utafunguliwa.

Sikufungua kitu. Niliketi.

Mama Anselmi hakusema nami siku ile hadi tulipokuwa tumeshakula. Kisha akasema, akiwa anakusanya vyombo, "Baba Anselmi, wewe unaogopa muhuri kuliko unavyomwogopa Mungu." Tumeoana miaka thelathini na tisa na hajawahi kuniambia neno gumu kuliko hilo. Nilitaka kumjibu. Nilipotafuta jibu nikakuta kwamba yote niliyonayo ni majibu ya darasani.

Jumamosi iliyopita Mwenyekiti alinijia nyumbani. Alileta fomu iliyopigwa chapa, yenye sehemu mbili za kutia sahihi: baba wa mume, na baba wa mke. Alizungumza kwa sauti ya chini, kwa heshima.

"Mwalimu, hapa kijijini hakuna atakayekuuliza mara ya pili. Andika mliketi. Mzee yule atie dole gumba. Iletwe Ijumaa, kabla ya mkutano wa Jumamosi, na mambo yaishe."

"Lakini hatukuketi," nilimwambia.

"Najua. Lakini nyie wazee mmetulea kwa mengi. Hilo moja litasamehewa."

Yeye ndiye mwenye miswada, na ndiye aliyenionea huruma. Nimelifikiria jambo hilo sana. Sheria kali hutungwa na watu wa namna hii, wanaoamini kwamba kwa yule wanayemjua utapatikana ujanja. Ujanja huo haumfikii asiyejulikana. Kuna wanawake wengine kumi na mmoja hapa Nsanda waliotoka makazini. Hakuna aliyewapelekea fomu usiku wala mchana.

Jana nilikwenda kwa Mzee Melkiori, baba yake Spesioza.

Niliondoka asubuhi kwa baiskeli hadi barabara kuu, nikapata lori la magogo. Kwenye kizuizi cha kuingilia makazini walinisimamisha. Nilikuwa sina kibali. Nilikalishwa kwenye benchi kwa muda wa saa mbili, mimi na sahihi yangu nzuri, nikisubiri kijana wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho aamue kama ninaweza kupita. Alinihoji nakwenda kwa nani na kwa sababu gani. Nilijibu kwamba nakwenda kwa mkwe. Akauliza kama nina uthibitisho.

Sikuwa nao.

Alinihurumia kwa ajili ya mvi, akanipitisha.

Mzee Melkiori nilimkuta akitengeneza matuta ya viazi. Sikuwahi kumwona kabla ya jana isipokuwa kwenye mazishi ya Anselmi, ambako alisimama nyuma kabisa na akaondoka kabla sijamfikia. Ni mtu mrefu, mkimya, anayevaa koti hata shambani. Alinawa mikono, akanipa kigoda na maji ya kunywa. Aliniita mwalimu. Nilisubiri aniite mkwe, hakuniita.

Nilimweleza yote. Nilimweleza miswada, na kifungu, na kwamba kifungu ni changu. Nilitoa fomu. Nilimwomba, kama moyo wake unakubali, tuketi sasa, tunywe, ili nikiandika kwamba tuliketi niwe sisemi uongo.

Aliigeuza fomu upande wa pili, akanirudishia. Kuku waliingia na kutoka.

"Chungu kile kilikaa siku tatu," alisema. "Mama yao alikuwa anakifunika kwa majani ya mgomba, anasema labda baba wa kijana amechelewa njiani. Siku ya nne tukawapa majirani. Hatukuweza kuwatazama majirani."

Nilisema naomba msamaha.

"Siku ile hukuja kwa sababu ya karatasi," alisema. "Leo umekuja kwa sababu ya karatasi."

Hakuna mtu aliyewahi kunisahihisha namna hiyo, na hakuna mahali nilipoweza kukata rufaa.

Nilimwuliza kama kuna njia yoyote. Aliniambia, bila ukali, kwamba chungu hicho ni cha kijana anayeoa, na kijana yuko kaburini. Wazee wawili wakikaa wakanywa sasa watakuwa wanakunywa tu. Aliniambia kwamba yeye hajui kusoma, kwa hiyo dole gumba lake ndilo neno lake, na hawezi kulibandika juu ya jambo ambalo halikuwepo. Binti yake akirudi, nyumba ipo, na hatamwuliza chochote.

Kisha akasema jambo ambalo ndilo limenifanya nirudi kwenye daftari hili.

"Lakini mimi sijakukataza kusema kweli, mwalimu. Waambie watu wako kwamba nilitoa mtoto kwa moyo mweupe, na aliyekataa ulikuwa wewe. Hilo nitalitia dole gumba mara mbili."

Alinisindikiza hadi kizuizini. Kwa kawaida yao mgeni husindikizwa. Alinibebea begi.

Nilirudi nikiwa nimelowa. Mama Anselmi alinisoma usoni, akaenda kuchemsha maji bila kuuliza. Spesioza alikuja akapiga goti, kama anavyofanya siku zote, ingawa nimemwambia mara nyingi asipige goti kwenye tope.

"Shikamoo, Baba. Mzee hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Amekataa?"

"Amekataa."

Aliitikia kwa kichwa. Nadhani alikuwa anajua kabla sijapanda baiskeli. Yeye ndiye anayemjua baba yake. Alisema, "Baba, usiandike uongo kwa ajili yangu. Utakuja kunichukia." Halafu akaenda kuanua nguo ambazo mvua ilikuwa imeshazilowesha.

Leo mchana niliketi barazani. Nilidhani watoto wanacheza chumbani. Nikasikia sauti ya Spesioza ikisema polepole, na sauti ya Yusta ikirudia. Amahoro. Amahoro. Sivyo, mwanangu, taratibu. Alikuwa anamfundisha mtoto kusalimia kwa Kirundi, ili asichekwe huko anakokwenda. Yusta alikuwa anajitahidi sana. Ana bidii ya masomo, na ameitoa upande wangu.

Nilitoka nikasimama mvuani hadi walipomaliza.

Sasa nimekaa na fomu. Ninaweza kuitia sahihi na kumwachia Mwenyekiti apate dole gumba lolote. Kijijini madole gumba hayakosekani. Spesioza atabaki, watoto watabaki, na mimi nitakuwa nimeapa uongo kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka sitini na saba. Nimeshajiuliza kama huo ungekuwa uongo mbaya kuliko ukweli niliouishi. Wakati mwingine naona kwamba usingekuwa. Lakini wale kumi na mmoja wataondoka kwa kifungu kile kile kilichomwokoa wa kwangu, na watu watasema sheria ni ya haki, kwa sababu hata mkwe wa Mwalimu aliipitia akafaulu.

Au ninaweza kusimama Jumamosi niseme kwamba miswada yote mitatu ni mibaya na hakuna kifungu kinachoweza kuitengeneza, changu kikiwa cha kwanza. Nikisema hivyo itanibidi niseme na jambo la chungu, kwa kuwa wataniuliza. Nikishindwa kura, jina la Spesioza litakuwa la kwanza kusomwa, na shahidi dhidi yake nitakuwa mimi. Mama Zaituni atakuwa upande wangu. Pius pia, nadhani, baada ya kunitania. Zaidi ya hao sina hakika na mtu. Kaka yake Mwenyekiti ataketi mbele na mkono wake uliokauka, na kila nitakalosema litapimwa kwa mkono ule.

Nimemwuliza Mama Anselmi afanyeje angekuwa mimi. Akasema, "Mimi ningekwenda kunywa siku ile."

Maisha yangu yote nimewaambia watoto wa watu kwamba anayefuata utaratibu hapotei. Niliamini. Nilimpotezea mwanangu harusi yake kwa imani hiyo, na sasa naelekea kuwapoteza wanawe. Sijui kama nilipenda utaratibu, au nilipenda tu kuwa mtu ambaye hakuna anayeweza kumnyooshea kidole.

Zimebaki siku tatu hadi Ijumaa, na mkutano ni kesho yake. Nikisimama uwanjani, nianze na lipi: kwamba sheria hii ni ya kikatili, au kwamba niliiandika mimi? Najua watu wataacha kusikiliza mara baada ya lile la kwanza kutoka, lolote litakalokuwa.

Sitaligusa daftari hili mpaka niwe nimeamua. Nikishaamua nitaandika uamuzi wenyewe, na nani bado yumo katika nyumba hii.